Springi Fupi na Magunia Manne

Ninyi mnaolaza magari, sogeeni karibu niwaseme. Nimeshika spana hapa Kyela miaka mingi mpaka magoti yangu yakilia wateja wanainama kutazama boljointi za gari lao. Nimeona saluni ndogo imebeba mbuzi kumi na mmoja na mwinjilisti. Nimeona mtu amevuka maji ya Aprili amekaa juu ya paa, anakanyaga mafuta kwa mpini wa jembe. Hao wote niliwaheshimu, kwa sababu walikuwa na safari. Ila mtu anayeishi Kyela, mji ambao mvua ikinyesha vyura wanatafuta pa kujihifadhi, halafu anapanda mpaka Mbeya kutafuta springi fupi ili gari lake liende chini zaidi, huyo sijui nimweke kundi gani.

Chini wapi, jamani? Sisi tuko chini tayari. Ukitoka hapa kwenda chini zaidi unakutana na samaki wa ziwani.

"Inapendeza, mzee."

Hilo ndilo jibu lenu, siku zote. Nami nawajua, gari mtalishusha tu hata nikilala mbele ya tairi. Kwa hiyo sikilizeni kinachotokea, maana wengi wenu mnafunga springi, mnapiga picha, mnadhani kazi imeisha.

Kuna fimbo mbili za chuma zinazotoka kwenye usukani kwenda kusukuma matairi ya mbele. Tunaziita tairodi. Gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, fimbo hizi zimelala karibu sawa na ardhi. Ukishusha bodi, ncha ya ndani inashuka nayo, ncha ya nje inabaki juu kwenye tairi. Fimbo ni ileile, lakini imeinama, na fimbo iliyoinama haifiki mbali kama iliyolala. Basi matairi mawili yaliyokuwa yanatazama mbele, kama ng'ombe wawili wa plau wanaoelewana, sasa yanapeana kisogo au yanakodoleana macho kama wake wenza msibani. Juu ya hapo vichwa vya matairi vinaingia ndani na miguu inatoka nje. Gari linasimama kama mtoto anayejifunza kutembea, nawe unaita hiyo stailo.

Ubaya wake hauonekani. Tairi linalika upande wa ndani tu. Ukisimama pembeni na soda yako unaliona linang'aa, kashata zote za mpira, yale meno yake, zipo. Huko ndani zimebaki nyaya.

Dawa ni alaimenti, kuyarudisha matairi yatazame mbele. Na hapa ndipo ninapotaka kuwacheka vizuri, kisha mnicheke mimi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Anyosisye, Mungu amlaze pema. Gereji yake ilikuwa Bondeni, ukuta kwa ukuta na mashine ya kukoboa mpunga, na kila chai tuliyokunywa pale ilikuwa na vumbi la pumba. Alipima kwa uzi. Anafunga nyuzi mbili kwenye stuli, uzi mmoja kila upande wa gari, anazisogeza stuli mpaka nyuzi zote ziende sambamba na gari, halafu anapima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, na ukingo wa nyuma. Tofauti ya namba mbili hizo inakwambia tairi linatazama wapi. Macho yake yalikuwa mabovu kiasi cha kumsalimia mbuzi wa jirani kwa jina la jirani, lakini akishika uzi alikuwa anaona milimita moja kwa ncha ya kidole.

Siku yangu ya kwanza nilishusha gari kutoka kwenye jeki, nikakimbilia kupima. Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku akijaribu kusoma.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo tu, tata."

"Lisukume."

"Lipelekwe wapi?"

"Mpaka kwenye mashine na kurudi. Mara kumi."

Nilisukuma gari la watu mara kumi huku wanawake waliokuja kukoboa wananishangilia. Nilipopima tena, namba zote zilikuwa zimehama. Gari likitua kutoka kwenye jeki matairi yanabaki yamejibana, yamekunja miguu, hayajakaa. Lisukume mbele na nyuma, likandamize bonetini lidundedunde, ndipo upime. Na ukifunga springi mpya usikaze bushi, zile raba za kwenye maungio, wakati gari linaning'inia hewani. Kaza likiwa limesimama kwa miguu yake, la sivyo bushi zinajikunja na zinachanika kabla hujamaliza kulipa deni la springi. Hayo nimewapa bure.

Lakini jambo kubwa la mzee lilikuwa swali. Kabla hajagusa nati hata moja alikuwa anamuuliza mwenye gari, "Linabeba nani?" Mtu akijibu kwamba ni yeye, mke na mama mkwe, mzee anaagiza magunia ya mchele kutoka mashine ya jirani, anayaketisha kwenye siti kama wageni wa harusi. Mama mkwe mnene, gunia zima. Mke mwembamba, gunia lenye upungufu. Aliyafunga hata mikanda! Mtu anapita njiani anaona saluni imejaa magunia yanatazama mbele kwa adabu, fundi amelala chini, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu Bondeni wote walijua kwa Anyosisye gari linapimwa likiwa na watu wake. Watu wakipanda gari linashuka, na likishuka matairi yanageuka. Ukilipima tupu umepima gari ambalo halipo barabarani.

Mimi nilipojiunga na masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, nikakaa dawati moja na karani wa forodha, nikajifunza pembetatu. Nilipofaulu hesabu sikuwa binadamu wa kuzungumza naye tena. Nilikuwa nainua kidevu mpaka mvua ikinyesha inaingia puani. Cheti nilikitia fremu nikakipigilia ukutani gereji, juu ya betri mbovu. Nikamwambia mzee kwamba kwa hesabu za pembe hakuna haja ya magunia.

Akakitazama cheti muda mrefu. "Kina uzito gani?"

"Cheti?"

"Ndiyo. Kikalishe kwenye siti ya dereva tuone gari litashuka kiasi gani."

Watu wa mashine walicheka wiki nzima. Wengine nadhani bado wanacheka.

Baadaye zikaja mashine za kompyuta huko mijini. Sina ugomvi nazo. Mashine inasema ukweli wa kile ilichoonyeshwa. Ugomvi wangu ni na vijana wanaoionyesha gari tupu, lililotoka kwenye jeki sasa hivi, springi zina saa moja tangu zifungwe na hazijakaa, halafu wanachapa karatasi yenye rangi ya kijani kila mahali. Mteja anaikunja karatasi ile na kuitunza kama cheti cha ndoa.

Mmoja wa wenye karatasi hizo alikuwa Bwana Shaibu, afisa ardhi, mtu wa Mtwara aliyeletwa huku na serikali. Mwembamba, mpole, shati limenyooshwa hata Jumapili. Mzee Anyosisye alikuwa ameshafariki, gereji iko mikononi mwangu. Gari la Bwana Shaibu lilikuwa chini kiasi kwamba kuliingiza tuliweka mbao, na hata hivyo lilikuna tumbo kama nguruwe mwenye upele. Alikuwa amehamishiwa Songea. Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka na mke wake, Mama Nasra, na mabinti wawili, wapande milima ya Tukuyu, watokee Uyole, Makambako, mpaka huko.

"Fundi, oili tu," akasema. "Mengine gari iko safi. Karatasi ninayo."

"Karatasi inasema nini?"

"Kijani tupu."

"Hongera. Hebu ingiza mkono nyuma ya tairi hili. Ndani kabisa. Papasa."

Akainama kwa uangalifu wa mtu anayelinda suruali, akaingiza mkono, akautoa haraka. Kidole kilikuwa na tone la damu.

"Nini hii?"

"Waya, Bwana Shaibu. Mpira uliisha siku nyingi. Karatasi haina mikono ya kupapasa."

Alikitazama kidole, akaitazama siti ya nyuma ambako kulikuwa na sandali ndogo ya mtoto. "Kesho nawapakia wanangu humu," akasema taratibu, kama anajisomea mwenyewe.

Hapo nilipaswa kunyamaza nifanye kazi. Badala yake nilipanda mimbari. Tulifunga matairi mawili mapya, nikawaambia wapagazi wa mashine ya jirani walete magunia manne wayaketishe, nami nikaanza kuwahutubia waliokuwepo: dereva wa bajaji, muuza maandazi, wakulima wawili wa Busale waliokuja kukoboa. Niliwaeleza pembe, nikawaeleza fimbo, nikawaeleza jinsi masomo ya jioni yalivyoniokoa na ujinga ambao wao bado wanao. Magunia yakaingizwa nyuma ya mgongo wangu. Nilipogeuka niliona gari limeshuka kidogo mno, upana wa ukucha. Fundi yeyote mwenye akili angejiuliza. Mimi nikawageukia wasikilizaji.

"Mnaona? Ndiyo springi za michezo hizi. Ngumu! Magunia manne na haziinami!"

"Aisee," akasema dereva wa bajaji.

Nikafunga uzi, nikapima, nikarekebisha tairodi, nikakaza. Nilizingatia kila kitu. Hata kusukuma mara kumi nilisukuma. Bwana Shaibu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuamini, fundi," akasema, na akaondoka.

Asubuhi nakunywa chai, akaingia Mama Tusekile, mwenye mashine ya kukoboa, mama mwenye sauti ya kuzima injini.

"Mugonile, tata. Yule wa chakula cha nguruwe amefika. Naomba magunia yangu manne."

"Chakula cha nguruwe? Mimi nilichukua mchele, mama."

"Mchele gani? Mchele wangu uko stoo, ufunguo huu hapa shingoni. Umechukua pumba."

Nikaenda kunyanyua gunia mojawapo kwenye kona ya gereji. Nilijiandaa kwa uzito wa mchele, nikalivuta kwa nguvu zote, nikaanguka nalo chali. Lilikuwa jepesi kama ahadi ya mgombea.

Nikawaita wapagazi. "Niliwaambia nini jana?"

"Magunia manne, fundi."

"Ya nini?"

"Hukusema. Ulikuwa unafundisha. Ya pumba yalikuwa karibu na mlango."

Mama Tusekile akapiga makofi mara moja. "Umepakia abiria wa pumba! Msomi wetu!"

Sikucheka. Gari lile nilikuwa nimelipima tupu, sawasawa na wale niliokuwa nawadharau mchana kutwa. Sasa wamepanda watu wanne wa kweli na masufuria. Lingeshuka zaidi, na lenye springi fupi likishuka kidogo tairi linageuka sana. Sisemi lingepinduka kwenye kona ya kwanza. Lakini usukani ungekuwa unaelea, unamvuta huku na kule, mvua ya Tukuyu inanyesha, malori ya mpakani yanashuka, na matairi mapya yanajitafuna mpaka yanapata moto, na watoto wako juu yake. Nilipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Bwana Shaibu alikuwa mtu wa sheria, hapokei simu akiendesha, na siku hiyo nilizichukia sheria zote.

Nikachukua uzi, futi na spana mbili, nikarukia bodaboda ya Gwakisa, kijana wa kona yetu.

"Njia panda ya barabara kuu! Kimbiza!"

"Mzee, unadaiwa?"

"Kimbiza, nasema."

"Na uzito huu tunakimbia vipi? Shika vizuri, tairi la mbele linanyanyuka."

Kwenye njia panda nililiona. Limesimama pembeni mbele ya kibanda cha muuza mchele. Mnajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mtumishi anayehama Kyela bila mchele, angefika anakokwenda wangemfungia mlango. Bwana Shaibu alikuwa anapakia gunia zima kwenye buti. Nyuma ya gari sasa ilikuwa inakaribia kubusu lami.

Niliteremka nimetota jasho. "Bwana Shaibu, usiondoke."

"Fundi! Shikamoo. Nimesahau kitu?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyesahau." Na hapo nilitamani sana kusema springi zimekaa, au hali ya hewa, au neno lolote refu la masomo ya jioni. Mama Nasra alikuwa ananitazama kupitia dirishani, binti mdogo amelala mapajani mwake. Nikasema ilivyokuwa: niliagiza magunia bila kutazama, wakaweka pumba, nikaona gari halijashuka nikasifia springi. "Vipimo nilivyokupa ni vya gari tupu. Usipande nalo milima hivyo."

Gwakisa akazima pikipiki ili asikie vizuri.

"Pumba," akasema Mama Nasra.

"Ndiyo, mama."

"Yaani jana mume wangu amerudi nyumbani anasema, safari hii nimepata fundi wa kweli. Amekusifu mpaka chakula kimepoa."

Bora angenitukana. Bwana Shaibu akavua saa, akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya shati lake lililonyooshwa. "Unaweza kurekebisha hapa?"

Karibu na kibanda kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, pana, imenyooka. Mwenye sakafu, bibi mmoja mkavu, alituruhusu kwa sharti moja: "Oili ikidondoka hapa utailamba." Tukaingiza gari. Nikawaomba wote wabaki ndani, Bwana Shaibu kwenye usukani, mchele kwenye buti, masufuria pale pale yalipo. Binti mkubwa, Nasra mwenyewe, akatoa kichwa.

"Babu, na mimi ni gunia?"

"Wewe ni gunia la mchele, mjukuu wangu. Usicheze."

Akakaa wima, mikono juu ya magoti, akaacha hata kupepesa macho.

Nilimwomba Bwana Shaibu aweke gia huru. Mimi, Gwakisa na muuza mchele tukalisukuma mbele na nyuma na familia nzima ndani, mara kumi, sikupunguza hata moja. Nikafunga uzi kwenye viti vya kibanda. Nikapima ukingo wa mbele, nikapima wa nyuma. Nikapima tena kwa sababu sikutaka kuamini. Matairi yalikuwa yamepeana kisogo kwa nusu ya ukucha wa kidole gumba kila upande. Kwenu hiyo ni ndogo. Kwa tairi linalokwenda Songea ni sawa na kuburutwa pembeni kutoka hapa mpaka ziwani Matema na kurudi. Tumbo la gari lilikuwa chini mno nisiweze kuingia, kwa hiyo nilikuwa nageuza usukani mpaka mwisho, nalala kifudifudi, naingiza mkono mmoja nyuma ya tairi, nalegeza nati, nazungusha tairodi robo, narudisha usukani katikati, tunasukuma, napima. Kulegeza, kuzungusha, kusukuma, kupima. Hakuna hotuba. Nadhani ndiyo alaimenti ya kwanza maishani mwangu niliyoifanya nimefunga mdomo, na naweza kuapa kwamba vipimo vilitoka vizuri kuliko vyote.

Bwana Shaibu alilijaribu kwenye kipande kilichonyooka kuelekea Kasumulu. Niliona kwa mbali mikono yake imeachia usukani, iko hewani kama anaomba dua, na gari linakwenda mbele lenyewe. Aliporudi alitikisa kichwa mara moja kukubali.

Lakini moyo wangu haukutulia. "Bwana Shaibu," nikamwambia, "nipeni nafasi hapo nyuma, nipande nanyi mpaka Tukuyu, nilisikilize kwenye kona."

Mama Nasra akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, bila haraka, akafika tumboni akakaa hapo kidogo.

"Usipande, fundi. Utaharibu vipimo."

Gwakisa alicheka mpaka akakaa chini. Bibi wa sakafu naye alicheka, na sidhani kama alijua vipimo ni nini. Wakaondoka. Nilisimama pale mpaka gari likawa doa jekundu kwenye mwinuko wa kwanza, likapotea.

Siku hiyo sikufungua nati yoyote. Nilikaa na simu mapajani kama bibi harusi. Wateja walikuja, nikawaambia nimefunga. Jua lilikuwa bado kali simu ilipoita. Ilikuwa namba ya Bwana Shaibu, lakini sauti ya mke wake.

"Fundi, tumefika Makambako. Tumesimama kula."

"Ndaga fijo, mama. Asante sana. Usukani unasemaje?"

"Mimi sishiki usukani, sijui. Ngoja nimuulize." Nikasikia anatembea, mlango wa gari ukafunguliwa, kisha akashusha sauti. "Nitamuuliza baadaye. Amelala. Na watoto wamelala, tangu Igawa hawajaamka hata mara moja."

Nikasema sawa, mama, msiwaamshe.

Kwenye gari linaloyumba, vijana wangu, mtoto anatapika. Hasinzii. Sikumuuliza tena habari za usukani.